Mayai ya Pasaka ya chokoleti: uchague chokoleti ipi, kalibu ipi, kiini gani na pambo lipi

Mwaka wangu wa kwanza kuuza mayai ya Pasaka, mama mmoja wa jumuiya yetu alinunua boksi la mayai sita Ijumaa Kuu. Jumapili baada ya misa akanivuta pembeni, taratibu, kama mtu anayekuja kukuambia zipu yako iko wazi. "Mama, hongera kwa kazi, watoto wamefurahi. Ila mayai yako mbona yameota mvi?"

Yalikuwa yameota mvi kweli. Michirizi ya kijivu kuanzia kichwani hadi kitakoni. Haikuwa ukungu wala kuharibika. Ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu, kwa sababu niliyeyusha chokoleti nikaimimina hivihivi, halafu mayai yakalala mezani kwenye nyumba ya Tabata, Dar es Salaam, yenye nyuzi 31. Ladha ilikuwa ileile. Lakini nani anampa mtoto yai lenye mvi?

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza aanze na nini, simuulizi anapenda ladha gani. Namuuliza yai litalala wapi usiku, litasafiri na chombo gani, na litaliwa siku ya ngapi. Majibu hayo ndiyo yanayochagua chokoleti, kalibu, kiini na hata rangi. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu ambao Pasaka kwao bado kuna baridi, na jikoni mwao ni nyuzi 18 bila kuwasha kitu. Sisi wa pwani Pasaka inatukuta kati ya Machi 22 na Aprili 25: mwisho wa joto la kaskazi au mwanzo wa mvua za masika. Ama jua, ama unyevu, na mara nyingi vyote viwili siku moja.

Yai kubwa, yai dogo au nusu yai

Kabla hujanunua chochote, amua umbo. Desturi yenyewe ni ya Ulaya. Zamani Kanisa la Magharibi lilikataza mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawafungi, wakaendelea kutaga. Ikifika Pasaka nyumba imejaa mayai, yakapakwa rangi na kugawiwa. Ya chokoleti yalikuja baadaye sana. Uingereza, kampuni ya Fry's ya Bristol ilitoa la kwake mwaka 1873, na Cadbury ya Birmingham ikafuata mwaka 1875 kwa yai la chokoleti nyeusi lenye peremende ndani. Mpaka leo Mwingereza akitaja yai la Pasaka anamaanisha kubwa, lenye uwazi ndani. Mbelgiji na Mswisi wanapenda madogo ya kuuma mara mbili, yaliyojaa tele. Mwitaliano anaficha zawadi ndani yake. Mbrazili amelikata katikati: nusu ganda linajazwa pomoni, linaliwa kwa kijiko.

Yai kubwa la sentimita 15 linavuta macho, na kwa picha ndilo lenyewe. Ila usijaribu kulijaza ganashi, yaani chokoleti iliyochanganywa na krimu. Ganda la milimita tatu au nne halibebi uzito huo katika joto letu. Litabonyea polepole kama tairi lenye pancha ya msumari mdogo. Tia korosho, pipi, au mayai madogo ndani yake, basi.

Yai dogo, la sentimita nne au tano, ndilo hasa yai la kujaza. Kazi yake si ndogo, maana kila yai ni mara mbili: nusu mbili za kumimina, mbili za kujaza, mbili za kuziba, kisha kuunganisha. Mayai 24 ni nusu 48, na ukiwa na kalibu moja ya nusu nane, hesabu mwenyewe utasimama mara ngapi.

Nusu yai halina kuunganisha, na ukikosea ukingo hakuna anayeona kwa sababu kiini kimefunika. Udhaifu wake ni kwamba liko wazi, kwa hiyo linataka boksi lenye kifuniko na halifai kufichwa bustanini watoto walitafute. Sisimizi watalipata kwanza. Lakini kwa mtu anayefanya mara ya kwanza, mimi namwambia aanze hapa, bila kufikiri mara mbili.

Chokoleti halisi au kompaundi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chokoleti halisi mafuta yake ni ya kakao. Kompaundi mafuta ya kakao yametolewa, yakawekwa mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya kiini cha mchikichi, yale ambayo watu wa Kigoma wanayaita mise. Pakiti zote mbili zina picha ya vipande vyeusi vinavyong'aa, na dukani huwekwa rafu moja. Geuza nyuma usome. Ukikuta "cocoa butter" mwanzoni mwa orodha ni halisi. Ukikuta "palm kernel" au "vegetable fat" na unga wa kakao, ni kompaundi hata kama mbele wameandika kwa dhahabu. Na vile vipande vya kuwekea kwenye biskuti, hata vikiwa halisi, viache: vimetengenezwa visipoteze umbo kwenye oveni, kwa hiyo ni vizito na havitiririki kwenye kalibu.

Kompaundi ina sifa zake na sitaisema vibaya. Unaiyeyusha hadi nyuzi 40 au 45, unamimina, unaweka kwenye friji dakika kumi na tano, imetoka. Haihitaji kutempa (nitaeleza sasa hivi). Inavumilia joto zaidi. Mwaka wa pili nilituma maboksi mawili Mbezi kwa bodaboda saa saba mchana, moja la kompaundi na moja la halisi. La kompaundi lilifika mayai. La halisi lilifika mchuzi. Kosa langu mwenyewe, dereva alikuwa ameshaniuliza, "Dada, hii si ya kuyeyuka?"

Inapofeli ni mdomoni. Haiishi kwenye ulimi. Inaacha utando wa mafuta kwenye kaakaa, kama umekula andazi lililokaangwa kwa mafuta yaliyopoa. Mtoto wa miaka mitano hajali. Mama yake anajali, na ndiye anayelipa.

Chokoleti halisi inadai kitu kimoja: kutempa, yaani kuipasha, kuipoza, halafu kuipasha tena kidogo kabla ya kuimimina. Mafuta ya kakao yana namna sita za kuganda, na ni moja tu, ya tano kwa hesabu ya wataalamu, inayokupa chokoleti inayong'aa, inayokatika kwa mlio na kuchomoka yenyewe kwenye kalibu. Hiyo inayeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana inapotea mdomoni. Zilizo chini yake zinayeyuka mapema, na ndizo zinazoota mvi. Vipimo ni hivi:

Nyeusi: yeyusha hadi 45–50, poza hadi 27–28, pandisha hadi 31–32.
Ya maziwa: yeyusha hadi 45, poza hadi 26–27, pandisha hadi 29–30.
Nyeupe: yeyusha hadi 40–45, poza hadi 25–26, pandisha hadi 28–29.

Njia ya nyumbani isiyohitaji meza ya marumaru: ukiwa na gramu 600, yeyusha 400, kisha tia zile 200 kidogo kidogo zikiwa zimekatwakatwa, ukikoroga. Vile vipande vigumu vimeshaganda vizuri kiwandani, na vinaifundisha iliyoyeyuka, kama mtindi wa jana unavyogandisha maziwa ya leo. Chovya ncha ya kisu, kiweke mezani. Ikiganda ndani ya dakika tano na mng'ao wa sawasawa, mimina. Ikibaki na unyevunyevu au michirizi, rudia. Usijidanganye kwamba "itakaa sawa kwenye kalibu". Haikai.

Sasa swali la pwani: utaishushaje chokoleti hadi nyuzi 27 katika chumba cha nyuzi 31? Huwezi. Hewa yenyewe inaipasha. Mimi naamka saa kumi alfajiri, nafunga chumba kimoja kidogo, AC nyuzi 20 nusu saa kabla, na sufuria ya maji ya moto naiacha jikoni, siiingizi humo. Mvuke ni adui. Tone moja likidondokea kwenye chokoleti iliyoyeyuka, inakamatana ghafla kama udongo wa mfinyanzi, na hapo haina kalibu tena. Itie krimu uifanye ganashi. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, acha kazi. Nimewahi kubishana na TANESCO moyoni kwa saa mbili, nikapata mayai 30 ya mvi.

Kati ya halisi zenyewe, nyeusi ndiyo rahisi zaidi kwa fundi mpya: ina nafasi pana ya joto na ikikauka ni ngumu. Ya maziwa ni laini zaidi, na nyeupe inabembelezwa. Ikipita joto kidogo maziwa yake yanaungua na kuwa chengachenga. Nyeupe iweke kwa mapambo.

Jambo moja usilifanye kabisa ni kuchanganya halisi na kompaundi ili "kupunguza gharama". Mafuta hayo mawili hayapatani. Yanapokutana yanakuwa laini kuliko kila moja peke yake, na mvi zinatoka hata ukitempa kwa kipimajoto cha hospitali. Najua kinachomsukuma mtu kufanya hivyo: mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, na sisi tunaolima kakao Kyela na Kilombero tunainunua tena ikiwa vidonge kutoka Ulaya. Kama bei imekushinda, fanya ya kompaundi na uandike kwenye boksi kwamba ni kompaundi. Wenyewe Ulaya walibishana miaka mingi kuhusu mafuta ya mimea kwenye chokoleti, na sheria yao ya mwaka 2000 ikaruhusu yasizidi asilimia 5, tena yaandikwe.

Kalibu

Kalibu ngumu za polikaboneti, zile za plastiki nene kama kioo, ni ghali na ni nzito. Zinalipa kwa mng'ao: uso wa chokoleti unachukua sura ya kilichougusa, na hizi uso wake ni kioo. Kabla ya kila kumimina, futa ndani kwa pamba kavu hadi pamba iteleze bila mlio. Doa la maji utalikuta kwenye yai. Faida nyingine ni kwamba unaona kwa chini: chokoleti iliyotempwa ikiganda inajivuta, na kalibu inabadilika rangi kutoka nyeusi iliyoloa hadi kijivu cha fedha. Ikigeuka hivyo pote, pindua kalibu mezani na mayai yanadondoka yenyewe. Ile sauti yao ya kudondoka, mtu akiisikia mara ya kwanza anacheka peke yake.

Silikoni ni rahisi kupata Kariakoo, bei nafuu, na unaisukuma kwa kidole yai likatoka hata kama hukutempa vizuri. Lakini uso wake haung'ai sana, na ikibebwa inakunjika, ganda jembamba likapasuka. Iweke juu ya trei muda wote. Kwa nusu yai la kijiko inatosha sana, kwa yai la kuunganisha inakusumbua, kwa sababu kingo hazinyooki na nusu mbili hazikutani.

Ziko pia za plastiki nyembamba kama ya kifuniko cha keki. Zinafaa msimu mmoja.

Ukinunua kalibu kubwa, chukua yenye mikwaruzo kama ngozi ya mamba. Sura hiyo si urembo tu. Watengenezaji wa karne ya 19 waliipenda kwa sababu inaficha kasoro za chokoleti, na kwetu inaficha alama za vidole vilevile.

Na iko kalibu isiyouzwa popote: ganda la yai lenyewe. Wajerumani na Wafaransa wanafanya hivi. Toboa juu tundu la sarafu, mwaga yai (kaanga, usitupe), ondoa ule utando wa ndani, chemsha maganda dakika kumi kuua vijidudu, yakaushe kabisa kwenye oveni ya moto mdogo, kisha jaza chokoleti ya karanga au korosho kwa mfuko wa kubania krimu. Hapa hutempi, huunganishi, huhitaji mng'ao. Unapamba ganda kwa nje na mlaji analimenya kama yai la kuchemsha. Joto la njiani haliyatishi sana, kwa sababu hata kiini kikilainika ganda linakishika. Kwa mtu asiye na AC hii ndiyo njia ninayoipendekeza, na nashangaa haijaenea.

Kiini

Ganashi ya krimu ndiyo inayoombwa zaidi na ndiyo inayoharibika mapema zaidi. Kwa yai, uzito wa chokoleti nyeusi uwe mara mbili ya krimu: gramu 200 kwa 100. Ukitumia nyeupe, fanya mara tatu. Usiimimine ikiwa juu ya nyuzi 28, utayeyusha ganda lako kwa mkono wako. Ina maji na maziwa, kwa hiyo mimi siihesabii zaidi ya wiki moja, tena mahali penye ubaridi. Yai la kuliwa Jumapili lijazwe Alhamisi Kuu, si wiki ya Matawi. Tui zito la nazi linaweza kuchukua nafasi ya krimu, na ukichemshia iliki ndani yake kisha ukachuja, watu watakuuliza umeweka nini.

Pasheni kwenye chokoleti nyeupe ni tamu kupita zote hizi, ule uchachu unakata utamu. Lakini ni maji zaidi. Nafanya kwa wateja wanaokula siku hiyohiyo tu.

Karameli inakaa muda mrefu kwa sababu sukari imelinda. Ya kukatika kwa kisu inapikwa hadi nyuzi 118 au 120. Ya kuchuruzika unaitoa mapema. Sasa hapa wenzangu wa Nairobi wanisikilize. Kule maji yanachemka karibu na nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo ukifuata kipimo cha kitabu karameli yako itakuwa imepoteza maji kupita kiasi, na yai litavunja jino. Punguza nyuzi tano au sita. Dar na Mombasa, fuata kitabu kama kilivyo.

Maziwa mazito ya kopo, yapikwe na kijiko cha siagi na vijiko vitatu vya unga wa kakao, moto mdogo, ukikoroga hadi mwiko ukipita unaona chini ya sufuria na mchanganyiko haurudi upesi. Wabrazili wanakiita brigadeiro, na ndicho kiini cha lile yai lao la kijiko. Hakina krimu, kopo lipo kila duka, na hakikutupi. Kibaya chake ni utamu. Ongeza chumvi kidogo na kahawa nzito kijiko kimoja.

Mimi kiini changu ni korosho. Zikaange hadi ziwe rangi ya kahawia ya mkate, zimwagie sukari iliyoyeyushwa hadi kuwa kahawia, ziache zigande, kisha zisage mpaka mafuta yatoke na upate uji mzito. Mwanzoni mashine italalamika, itakuwa chengachenga, halafu vumbi, halafu ghafla inalegea. Usikate tamaa kwenye vumbi, na usiongeze maji. Changanya na chokoleti iliyoyeyuka kiasi sawa ili ikaze. Haina maji hata tone, kwa hiyo haichachi wala hailainishi ganda, na inavumilia kukaa wiki kadhaa. Ikikaa zaidi, mafuta ya korosho yanaanza kuhamia kwenye ganda na zile mvi zinarudi kwa mlango wa nyuma. Karanga zinafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chini. Kwa vyote viwili andika kwenye boksi wazi, kwa maandishi yanayosomeka, maana kuna watoto ambao karanga moja inawapeleka hospitali.

Nazi mbichi iliyokunwa usiiweke. Inachacha upesi. Tumia kavu ya pakiti.

Vyovyote ujazavyo, acha milimita mbili chini ya ukingo, subiri kiini kishike juu, ndipo uzibe kwa chokoleti. Ukijaza hadi juu, kifuniko hakina pa kukaa na kiini kitachungulia. Kuunganisha nusu mbili: pasha trei kidogo, gusisha kingo sekunde mbili, zikutanishe, tulia. Usizungumze na mtu.

Kupamba ndani ya kalibu au kupamba yai likishatoka

Ukipamba kabla, unapaka rangi ndani ya kalibu, halafu unamimina chokoleti juu yake. Rangi inakuwa sehemu ya ganda, inang'aa kama gari jipya, haikwanguki. Ukipamba baada, unachora juu ya yai lililokamilika, na unaona unachofanya.

Ya kwanza inachanganya kichwa kwa sababu kila kitu ni kinyume. Unachopaka kwanza ndicho kitakachokuwa mbele, na jina linaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtu anayeandika kwenye vumbi la kioo cha daladala akiwa ndani ili walio nje wasome. Rangi yenyewe ni mafuta ya kakao yaliyotiwa rangi ya unga au ya mafuta, na nayo inatempwa. Itumie ikiwa karibu na nyuzi 30. Ikiwa ya moto inagandamana na kalibu na yai linatoka na vidonda. Kitu ambacho sikuambiwa: nyekundu au njano moja kwa moja juu ya chokoleti nyeusi inamezwa, haionekani. Paka rangi yako, iache ikauke, kisha pitisha nyeupe nyuma yake, ndipo umimine. Kwa mkono usiochora vizuri, chovya mswaki mpya na uurushe kwa kidole gumba. Madoadoa yanatoka kama yai la kanga, na hakuna atakayejua hujui kuchora.

Zile rangi za maji za duka la keki ziache kwa keki. Ni lile tone la maji tena.

Ya pili, kupamba baada, ndiyo ya kuandika majina. Uingereza ni desturi ya zamani kuandika jina la mtoto kwa aisingi nyeupe, yaani ute wa yai na sukari ya unga, na kubandika maua ya sukari. Ute wa yai mmoja hunywa kama gramu 200 za sukari ya unga, lakini ute mbichi wa kuwapa watoto mimi sitaki. Tumia ute wa unga uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Tena aisingi inapenda hewa kavu. Masika yakianza, Dar inabaki inanata siku nzima, na kidole cha kwanza kinachogusa kinaondoka na herufi. Ndiyo maana nimehamia kwenye chokoleti nyeupe iliyotempwa, ndani ya koni ya karatasi ya kuokea iliyokatwa ncha kama ya sindano. Haijali unyevu. Vumbi la dhahabu linalolika linapakwa kwa brashi kavu mwisho kabisa, na glavu za pamba zivaliwe toka yai linapotoka kwenye kalibu, kwa sababu kidole chako kina nyuzi 30 na zaidi.

Kwa kuuza, napaka ndani ya kalibu. Kwa zawadi ya mtu mmoja, naandika baada.

Kulala na kusafiri

Friji inaokoa na inaua. Yai likitoka kwenye friji moja kwa moja hadi hewa ya pwani, linatokwa jasho. Jasho linayeyusha sukari, likikauka linaacha ngozi ya kukwaruza na mapambo yamechuruzika. Hizo nazo ni mvi, za sukari safari hii. Likilala kwenye friji, lilale ndani ya chombo kilichofungwa, na likitoka usifungue kifuniko hadi chombo chote kiwe na joto la chumba. Saa mbili si nyingi. Na vitunguu vihame friji hiyo, chokoleti inanusa kila kitu.

Kwa hiyo ungekuwa Nairobi, Arusha au Mbeya, ningekuambia nyeusi halisi, kalibu ngumu, yai dogo, kiini unachotaka. Ukiwa Dar, Mombasa, Zanzibar au Bujumbura na una chumba chenye AC: nyeusi halisi, kiini cha korosho au karameli, rangi ndani ya kalibu. Bila AC: maganda ya mayai, au kompaundi iliyoandikwa kompaundi. Pasaka ya 2027 ni Machi 28, mapema, joto likiwa bado kali. Nisingepokea oda za ganashi hata kidogo.

Siku hizi sitoi kwa bodaboda mchana. Anayetaka aje mwenyewe, asubuhi kabla ya saa tatu. Yule mama wa jumuiya sasa anakuja na deli lake la plastiki, chupa mbili za maji zilizoganda zimefungwa taulo chini, na kabla ya kulipa anafungua boksi, analigeuza yai moja kwenye mwanga wa dirisha, anaangalia kichwani.